Mtangazaji Aliyetuambia Mpira Uko Wapi

Siku alipofariki mtangazaji wetu, redio ilimpa nafasi ya kusema mara ya mwisho, halafu ikamnyang'anya. Nilikuwa jikoni namenya viazi. Baba alikuwa amekaa barazani kwenye kiti chake, redio ikiwa juu ya kigoda pembeni yake. Taarifa ilisomwa na kijana mmoja mwenye sauti ya kufurahia kila kitu. Alisema taifa limempoteza gwiji, nguli, mkongwe, akayapanga majina hayo mstari mmoja kana kwamba yangemsaidia marehemu. Kisha akasema tumsikilize. Na tukamsikia. Sauti ile ile, kavu kidogo, isiyo na haraka: mpira uko katikati ya dimba, upande wa kulia wa redio yako, anao kiungo, anatazama mbele.

Hapo yule kijana akaanza kuzungumza juu yake. Hakungoja hata kiungo atoe pasi. Alitueleza jinsi yeye mwenyewe alivyokuwa akimsikiliza mzee huyu utotoni, jinsi alivyotamani kuwa kama yeye, na jinsi Mungu alivyo mwema. Chini ya maneno yake nilikuwa nasikia sauti ya marehemu ikiendelea na kazi, ikipeleka mpira mbele, wala hakuna aliyeweza kushika hata neno. Baba alikiinamisha kichwa upande wa redio.

"Mwacheni amalize," alisema.

Hakusema kwa ukali. Mwenye ukali nilikuwa mimi. Nilitoka jikoni na kisu mkononi, na sijui nilitaka kumfanya nini nani. Nilipofika barazani lilikuwa limeshaingia tangazo la kubeti.

Naandika haya nikiwa bado na hasira, na sitaki mtu anitulize. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Nimefundisha Kiswahili hapa Lushoto kwa muda mrefu kiasi kwamba sasa nafundisha watoto wa wanafunzi wangu. Wote wanajua kinachonipandisha mori: insha inayosema sherehe ilifana mno, bila kusema nani alikuwepo na alikaa wapi. Daftari hilo nalirudisha. Sema ulichokiona, nawaambia, uzuri nitauona mwenyewe. Jambo hili sikulijifunza chuoni. Nililijifunza kwa mtangazaji wa mpira, nikiwa nimekaa juu ya gunia la viazi, miguu haijafika chini.

Kwetu ni juu ya mji, ukiiacha barabara ya Magamba na kupanda kati ya mashamba ya kabichi. Milima hii ni mizuri kwa kilimo, ila kwa redio ilikuwa balaa. Sauti kutoka Dar es Salaam ilifika kwetu imechoka, na ilikubali kukaa mahali pamoja tu: juu ya kigogo pembeni ya baraza, mgongo wa redio ukielekea pengo la bonde. Ukiisogeza hatua mbili, unasikia mchanga. Kwa hiyo redio haikusogezwa. Sisi ndio tuliosogea, tukakaa mbele yake, baba na jirani yetu wakiwa karibu zaidi, mama na ungo wake wa maharage, na sisi watoto nyuma. Betri zilizochoka tulizianika juu ya bati tangu asubuhi, zikapata nguvu ya kutufikisha angalau mapumziko.

Na kwa kuwa redio haikusogea, kulia na kushoto navyo havikusogea. Watangazaji wa wakati ule walikuwa na desturi hiyo, na wetu aliishika kuliko wote. Mechi ikianza tu, kabla ya kingine chochote, alikuambia timu ipi inashambulia kutoka kushoto kwenda kulia mwa redio yako. Kwetu sisi, kushoto mwa redio ni Soni na kulia ni Magamba. Basi timu zilikuwa zinafunga Soni au zinafunga Magamba. "Kipindi hiki tunafunga Soni," baba alisema, na sote tukatazama upande wa Soni, kwenye migomba ya jirani, maana goli lilikuwa pale. Miaka mingi baadaye, nikiwa chuo cha ualimu, nilimwambia mwenzangu wa bweni kwamba timu yetu hucheza vizuri zaidi ikishambulia Magamba. Akaniuliza kama huo ni uwanja mpya.

Jirani yetu, mkulima wa karoti aliyekuja kila mara baada ya sala ya alasiri, hakuupenda mpango wa timu kubadilishana magoli. Yeye alitaka timu yake ifunge Soni vipindi vyote viwili, kwa sababu Soni ndiko walikokuwa wakwe zake na aliona ndiko anakohitaji heshima. Mapumziko yakiisha, anainuka, anaigeuza redio iangalie kule ilikokuwa imekupa mgongo, ili kulia na kushoto vibadilishane. Ikigeuzwa tu, milima inameza sauti. Baba anairudisha. Jirani anaigeuza. Dakika tano za kwanza za kipindi cha pili zilipotea kila mechi kwa ugomvi huo, na nina hakika kuna magoli ambayo nchi nzima iliyasikia isipokuwa baraza letu. Mama alikuwa akisema hawa ni watoto, wametuzidi ndevu tu.

Baba ndiye aliyenifunulia mtangazaji yule alivyofanya kazi yake. "Msikilize vizuri," aliniambia. "Kwanza anakupa mahali. Halafu mtu. Halafu tendo." Nikasikiliza, na kweli. Pembeni kushoto, hatua chache kutoka kwenye kibendera cha kona, beki namba tatu, anaupiga mrefu. Hakuwahi kubadilisha mpango huo hata mpira ulipokimbia. Hakutuambia kwamba mshambuliaji ni hatari. Alituambia kwamba mabeki wawili wamerudi nyuma hatua tatu, na sisi wenyewe tukaogopa. Mpira ukitoka nje alinyamaza kidogo, tukausikia uwanja. Kukiwa hakuna linaloendelea alitueleza upepo unapeperusha bendera kuelekea wapi, maana alijua kipa atapiga mpira muda si mrefu na sisi tutahitaji kujua utaangukia wapi. Mtu aliyekaa Dar es Salaam alikuwa anatufikiria sisi, watu asiotujua, wa barazani, wenye betri za kuanika.

Baba alikuwa na sababu yake ya kuyajua haya. Alikuwa mshika kibendera. Si wa ligi kubwa. Wa mashindano ya kata na wilaya, Lushoto, Soni, Mlalo, Rangwi kwenye uwanja uliolala upande mmoja kiasi kwamba kona za chini zilikuwa zinateleza zenyewe. Alifika mpaka Muheza mara moja, akarudi analalamikia joto, na gunia la machungwa juu. Mshika kibendera hatazami mpira. Anatazama mstari, anamtazama beki wa mwisho, na anausikia mpira ukipigwa. Ndivyo alivyonieleza. Nadhani ndiyo maana mtu wa redio na baba yangu walielewana kwa miaka yote ile bila kukutana.

Kisha macho yake yakaanza. Presha ya macho, walisema hospitali, na wakasema tumechelewa. Ugonjwa huu haukuanzia katikati. Ulimla pembeni kwanza, upande huu na upande ule, mpaka akabaki anatazama dunia kwenye tundu. Yeye, ambaye kazi yake ilikuwa kuona pembeni. Siku moja kule Rangwi aliinua kibendera kwa mchezaji ambaye hakuwa ameotea hata kidogo, na watu wa Rangwi wakaingia uwanjani. Hawakumpiga, kwa sababu ya umri wake. Aliporudi nyumbani alikikunja kile kibendera, akamkabidhi mama, akamwambia akifanye kitambaa cha kufutia taa. Baada ya miaka michache lile tundu nalo likafungwa.

Lakini Jumamosi na Jumapili alikuwa bado mshika kibendera. Hili ndilo jambo ninalotaka lieleweke. Anakaa mbele ya redio, mkono wa kulia juu ya goti. Mtangazaji anasema mahali, mtu, tendo. Ghafla ule mkono unanyooka juu. "Ameotea," baba anasema. Na sekunde moja au mbili baadaye, kutoka Dar es Salaam: mshika kibendera ameinua kibendera chake, mpira unapigwa kuelekea upande wa pili. Sikuwahi kumwona akikosea. Alikuwa haoni hata mkono wake mwenyewe, na alikuwa anajua mtu ameotea mamia ya kilomita kutoka pale alipo, kwa sababu kulikuwa na mwanaume aliyekuwa na adabu ya kumwambia kila mtu yuko wapi. Jirani yetu alikuwa akicheka mpaka anakohoa. Mzee haoni, anasema, lakini huwezi kumwibia.

Mtangazaji alistaafu, na nyakati zikaja hizi tulizonazo. Redio sasa inashika vizuri. Minara imejengwa, kiredio cha kuchaji kinasikika popote, hata chooni. Sauti ni safi kabisa. Tatizo ni kwamba ndani ya sauti hiyo hamna kitu.

Wanakuwa watatu kwa mara moja. Mmoja anapiga kelele, wa pili anacheka, wa tatu anasoma salamu za wasikilizaji kwenye simu. Mara nyingi hata uwanjani hawapo. Wamekaa studio wanatazama luninga na kuturushia mshangao wao. Oyaa! Umeona hiyo? Cheki, cheki, cheki! Huyu jamaa ni moto! Baba ananigeukia. Kafanya nini? Sijui, baba. Yuko wapi? Hawajasema. Mpira umetoka? Hawajasema. Inapigwa kona, tunaelezwa mtindo wa nywele wa mpigaji. Inatolewa penalti, tunaelezwa mikeka ya watu ya kubeti itakavyochanika. Likiingia goli, neno lenyewe linavutwa mpaka pumzi imkate mtangazaji, kisha king'ora, kisha kipande cha muziki, kisha mdhamini, na mfungaji tunakuja kumjua baadaye kabisa, kwa bahati, mmoja wao akimtaja kwa jina la utani.

Umeona hiyo. Redioni. Baba yangu anaambiwa hivyo akiwa amekaa nyumbani kwake, na anaambiwa na mtu anayelipwa kwa kazi hiyo.

Nisiwaonee wote. Yupo kijana mmoja, namsikia mara chache, ambaye huanza vizuri: anasema upande, anasema umbali, anamtaja beki. Kabla hajafika kwenye tendo mwenzake anamkatiza kwa utani. Sasa hata yeye ameanza kupiga kelele. Nilipolizungumza jambo hili ofisini, mwalimu mwenzangu alinipa jibu ambalo kila mtu hunipa, kwamba dunia imebadilika, watu wanatazama kwenye simu zao, na mpira siku hizi ni burudani. Nilimuuliza, ule wa zamani ulikuwa msiba? Hatukusemeshana mpaka Ijumaa.

Baada ya kifo cha mtangazaji wetu nikapiga simu redioni. Ilikuwa kipindi cha michezo cha mchana, muda wa wasikilizaji, nami nilikuwa peke yangu na rundo la madaftari. Nilipiga mara nyingi sana mpaka nikapata. Mtangazaji, ambaye kwa sauti yake ningeweza kuwa nimemzaa na kumkuza, hakuniamkia. "Niambie mama wa Lushoto, mambo vipi?" Mambo vipi! Nina miaka hamsini na ushee, na wanafunzi wangu wakiniona ng'ambo ya barabara wanavuka kuja kutoa shikamoo. Nilimeza mate, nikasema nina ombi moja. Mnapotangaza mpira, mtuambie mpira uko wapi.

Wakaangua kicheko wote watatu. "Mama, mpira uko uwanjani!" mmoja akasema. Wakapiga ile sauti yao ya makofi, wakanikata. Nilikuwa nimeyapanga vizuri maneno yangu, nimeyaandika hata nyuma ya daftari la mtoto: kwamba wako watu wasioona, kwamba wako walioko shambani, kwamba mimi ninaye mmoja nyumbani. Hata sentensi ya pili sikuifikia.

Kesho yake asubuhi nikajisikia redioni. Walikuwa wameikata sauti yangu na kuifanya tangazo la kipindi chao. Mimi nauliza kwa ile sauti yangu ya ualimu mpira uko wapi, kisha kicheko, kisha ngoma, kisha jina la kipindi. Walilipiga asubuhi, mchana na jioni, wiki baada ya wiki. Nilisikia watoto wa darasa la saba wakiigiza nyuma ya choo cha shule. Sokoni muuza hoho aliniuliza, huku anajikaza asicheke, kama nimeshaupata. Nilicheka naye, nikaenda zangu, nikalia nyuma ya stendi ambako hakuna anayenijua.

Baba aliisikia pia. Nilikuwa nampa uji, na tangazo likapita. Aliweka kikombe chini.

"Huyo ni wewe," alisema.

"Ndiyo, baba."

"Umeongea vizuri. Umeuliza swali la maana." Akatafuta kikombe kwa vidole, akakipata. "Kizime hicho kiredio."

Nikakizima, na hakuniambia tena nikiwashe.

Jumamosi ya kwanza nilidhani ni hasira, kama zangu. Jumamosi ya pili niliwasha mwenyewe, akasema kwa upole nizime, anaumwa kichwa. Ya tatu nilimkuta amelala saa kumi alasiri, na blanketi limefika kidevuni, mtu ambaye maisha yake yote alikuwa akitudharau tuliolala mchana. Aliacha kuuliza tarehe. Aliacha kuniuliza mvua imenyesha mpaka wapi. Chakula alikula kwa sababu nilikuwa nimesimama pale. Mganga wa zahanati alimpima kila kitu akasema mzee yuko sawa, uzee tu. Niseme wazi: niliogopa. Niliona baba anaondoka, na haondoki kwa ugonjwa. Anaondoka kwa kukosa kazi.

Hapo ndipo nikaamua kwamba kama redio haitamtangazia, nitamtangazia mimi. Kuna ugumu gani? Nina macho, nina Kiswahili, na nimelelewa na fundi mwenyewe.

Palikuwa na mechi kubwa, zile timu mbili za Dar es Salaam zinazoigawa kila familia. Mjini karibu na soko kuna kibanda umiza, benchi za mbao na luninga kubwa, na mwenye kibanda ni kijana niliyemfundisha kuandika jina lake. Nilimvalisha baba koti lake la kanisani, nikamshika mkono, tukashuka taratibu. Kijana alitoka mlangoni kutupokea. Shikamoo mwalimu, shikamoo babu. Akawahamisha watu wawili benchi la mbele, tukakaa. Baba akauliza timu yetu inashambulia wapi.

"Kulia kwako," nikasema.

"Magamba," akasema, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi nikaona anakaa wima.

Nilianza vibaya. "Anapiga chenga, anajitahidi, ooh, amepotea..."

"Usiniambie anajitahidi," baba akasema. "Yuko wapi?"

"Pembeni."

"Pembeni ipi?"

Ni kazi ngumu, na mtu asikudanganye. Jicho lazima litangulie mdomo, na mdomo usibaki nyuma, na wakati unasema mahali, mtu ameshafanya tendo na mpira uko kwingine. Nilitokwa na jasho huku nje kuna ukungu. Nikajifunza kuacha. Yale yasiyo na maana niliyaacha yapite, nikangoja mpira utulie, nikaanza tena: katikati, mita chache ndani ya nusu yao, namba sita, ametuliza, anageuka.

Nyuma yangu mtu akanigusa bega. Mwanaume wa makamo, mstaarabu kabisa. "Samahani mwalimu, tunaomba kusikia."

"Kusikia nini?"

"Mtangazaji."

Nikageuka mzima mzima. Nikamwambia ana macho mawili mazima na luninga inayozidi mlango kwa ukubwa, anataka kusikia nini, anataka kuambiwa umeona hiyo? Kibanda kizima kikageuka. Mwenye kibanda akapunguza sauti kidogo, wakaguna, akaongeza, wakatulia. Baba akanivuta nikae. "Achana nao," akasema. "Beki wao wa mwisho yuko wapi?"

Basi nikausogeza mdomo karibu na sikio lake, nikawasahau. Nikampa mstari. Beki wa mwisho yuko hatua moja nje ya kumi na nane. Mshambuliaji wetu yuko kushoto kwake, amesimama. Kiungo anao, katikati, anainua kichwa. Mshambuliaji ameanza kukimbia, pasi inatoka...

Mkono ukanyooka. "Ameotea," baba akasema, na sauti yake ilijaa kibandani, na kwenye kioo mshika kibendera akainua kibendera. Yule mstaarabu wa nyuma akasema, "Ala!" Baba alirudisha mkono kwenye goti, lakini uso wake ulikuwa umefunguka, na mimi nilitaka kusimama niwatukane watu wote wa redio mmoja mmoja, kwa sababu ilikuwa rahisi namna ile, ilikuwa inawezekana namna ile, na walikuwa wamemnyima.

Nilimtangazia hivyo kipindi kizima cha kwanza na sehemu kubwa ya kipindi cha pili. Aliniuliza, nikamjibu. Aliwainulia mkono watu watatu waliootea, wote kwa haki. Mapumziko alikunywa soda na akaniuliza mvua imefika wapi.

Halafu, zikiwa zimebaki dakika chache na timu zikiwa suluhu, winga wetu akaupata mpira upande wa kushoto. Niliyasema haya, nakumbuka niliyasema. Kushoto, karibu na mstari wa nusu, winga, ameanza kukimbia. Akampita mmoja. Akampita wa pili kwa namna ambayo sijawahi kuiona, na mdomo wangu ukajifunga. Akaingia ndani. Kipa akatoka. Akaunyanyua juu ya kipa kwa kidole cha mguu, taratibu, na mpira ukachukua muda wake kushuka, na mimi nikawa nimeshasimama juu ya benchi nalia goooli, namkumbatia mwanamke nisiyemjua, nampiga piga mgongoni yule mstaarabu wa nyuma. Umeona hiyo? nilikuwa nampigia kelele. Umeona hiyo?

Nilihisi gauni langu linavutwa. Nilihisi kabisa, siwezi kusema sikujua. Baba alikuwa ameshika pindo na anavuta, na katikati ya kelele zote nilimsikia akiuliza, nani? Ametokea wapi? Kipa alikuwa wapi? Wakarudia goli kwenye kioo, nikatazama. Wakarudia kutoka upande wa pili, nikatazama tena.

Wale wa redio hawajawahi kumwona baba yangu. Mimi alikuwa ameshika nguo yangu. Nilipokaa chini na kumgeukia ili nimweleze, alikuwa ameshaiachia, na ameshaacha kuuliza.